Gari Likikataa Gia, Anza na Klachi

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa vijana wa jua kali, madereva na wenye magari, Kaplong

 

Mimi ni mwanahabari, si fundi. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kuwaletea majibu kwa lugha nyepesi. Leo swali ni moja: gari la gia za mkono likikataa kuingia gia, mwenye gari aanzie wapi kabla ya kutoa pesa?

Katika boma nyingi hapa kwetu kuna pikapu au gari dogo kuukuu ambalo mwenyewe analifufua polepole. Mwezi huu betri, mwezi ujao matairi, bonasi ya chai ikitoka, injini. Siku injini inapowaka majirani hupiga makofi. Kisha mwenyewe anakanyaga klachi, anasukuma gia, na gia haiingii. Hapo huambiwa, "Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Bonasi ya mwaka inaishia kwenye kitu ambacho pengine hakikuwa kibovu.

Jaribio la kwanza ni la bure. Weka gari mahali tambarare, vuta handbreki, zuia magurudumu kwa mawe, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na upitishe gia zote, moja baada ya nyingine. Kisha rudisha nyutro, weka mguu wa kulia kwenye breki, washa injini na ujaribu tena taratibu, bila kulazimisha.

Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zikakataa ikiwaka, mshukiwa ni klachi. Klachi hutenganisha injini na giaboksi kwa muda mfupi ili gia zibadilishwe. Ikishindwa kuachia, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka, na gia hukwaruza au hukataa kabisa. Mara nyingi rivasi ndiyo hulia kwanza.

Basi fungua boneti. Kama klachi yako ni ya mafuta, angalia kikopo chake. Mafuta hayo hayaishi kwa kutumika, yakipungua, yamevuja. Tazama masta iliyo juu ya pedali, kisha silinda ndogo ya chini kwenye giaboksi, ile mafundi huiita slevu. Kanyaga pedali haraka mara tano au sita. Gia ikiingia baada ya hapo, kuna hewa ndani ya mfumo au kuna mahali panapovuja. Dawa ni kuziba panapovuja na kutoa hewa. Kama klachi ni ya kebo, huenda kebo imelegea au imeanza kukatika.

Onyo: tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Oili ya injini au mafuta ya kupikia huvimbisha mipira ya ndani. Kuna magari ambayo klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Hapo utakuwa umeua na breki.

Gari lililokaa nje miaka mingi katika mvua yetu lina shida yake. Kutu hugandisha pleti ya klachi kwenye flaiwili. Pedali ni nzuri, mafuta yapo, hakuna kinachovuja, lakini klachi haiachii. Na kama klachi ilifunguliwa karibuni, muulize fundi kwa upole kama pleti ni ya gari hilo, na kama iliwekwa upande wake sahihi.

Sasa, gia zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, geukia mkono wa gia. Mtu mmoja asukume gia, mwingine aangalie kule kwenye giaboksi kama vyuma au kebo zinasogea. Bushi iliyolika au kebo iliyochomoka hufanya giaboksi nzima ionekane mbovu. Ukilazimika kuingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara.

Ikiwa gia moja tu ndiyo inakataa na nyingine zote ni sawa, hapo ndipo tatizo huwa ndani ya giaboksi. Mwaga oili yake na uitazame. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya meno ni habari mbaya. Pima pia kiasi cha oili na uzito wake, kwa sababu oili nzito kuliko inayotakiwa hufanya gia ziwe ngumu asubuhi za baridi. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro yetu huteremka hadi Mto Kipsonoi, na maji hayo tunayanywa sisi na mifugo wetu.

Kwa nini ofisi ya kaunti izungumzie gia? Kwa sababu nchi yetu ni ya milima. Kwenye mteremko, gia nzito ndiyo breki ya pili. Dereva aliyebaki nyutro akiteremka na mzigo wa majani amebaki na breki za miguu peke yake, na hizo zikipata moto huchoka. Tarehe 30 Juni 2023, hapo jirani Londiani, lori liliacha barabara na zaidi ya watu 50 wakafa. Siitaji ajali hiyo kusema chanzo kilikuwa gia. Naitaja ili tukumbuke uzito wa gari lisiloshikika. Gari linalokataa gia lisitoke barabarani kwa matumaini.

Kwa vijana: Katiba ya 2010 ilikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti. Vitumieni. Na wewe uliyejifunza kazi gerejini, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, upate cheti cha ujuzi ulio nao tayari.

Kwa wenye magari: kabla giaboksi haijashushwa, muulize fundi, "Injini ikizimwa, gia zinaingia?" Fundi mzuri atafurahia swali hilo.