Kutu Haifichwi kwa Rangi

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu kwa shughuli moja: kuuza gari la marehemu baba. Ni Peugeot 504, lililokaa chini ya mwembe miaka kumi na mmoja hata kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mama anahitaji fedha za kutolewa mtoto wa jicho, nasi watoto tuliafikiana gari liuzwe.

Ubishi ulizuka juu ya namna ya kuliuza. Mdogo wangu alimleta dalali, naye dalali akaja na fundi wa bodi. Shauri lao: matundu ya kutu yazibwe kwa fila, gari lipigwe rangi, kisha mnunuzi aitwe jioni, jua likishazama. "Watu hununua kwa macho," alisema dalali.

Nilikataa. Tujiulize, wasikilizaji, nani hununua 504 bovu siku hizi? Si mtu anayetafuta usafiri wa kwenda kazini. Ni mtu anayelipenda gari hilo, anayejua kwamba lilitoka mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, na kwamba lilishinda mbio za Safari mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na tena mwaka 1978. Mtu huyo huja na sumaku mfukoni. Penye bati sumaku hunasa. Penye fila nene huanguka. Atainua zulia aone sakafu, atapapasa kingo za chini za milango, atafungua boneti aangalie pale shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Akikuta tundu moja lililofichwa, ataamini yako kumi. Hapo bei huporomoka, na mama yangu angeitwa tapeli mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Basi tuliliosha gari kwa maji na sabuni tu. Injini hatukuilazimisha kuwaka, maana iliyokaa miaka mingi huenda imekwama, na kuilazimisha ni kuiharibu zaidi. Tulikusanya vilivyotawanyika: taa ya nyuma iliyokuwa stoo, na kifuniko cha rimu kilichogeuzwa chombo cha kunyweshea kuku. Dalali alikuwa amekwisha omba kabureta "aijaribu" kwenye gari jingine. Tulimwambia ibaki. Gari bovu lakini kamili lina bei. Lililonyofolewa vipande ni chuma chakavu.

Kulikuwa pia na suala la karatasi. Kadi ilikuwa bado kwa jina la baba. Gari la marehemu haliuzwi na mtoto yeyote aliyeshika ufunguo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwetu msimamizi ni mama. Tulihakikisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari ni ile ile iliyo kwenye kadi. Kisha mdogo wangu, aliyetaka fila, ndiye aliyeandika kwenye daftari la shule kila kasoro tuliyoiona.

Mnunuzi alikuja asubuhi. Mama alimpa daftari kabla hajauliza neno. Alisoma, akazunguka na sumaku yake, akakuta tundu moja ambalo hatukuliona. Mama akamwambia, "Liandike na hilo, baba." Mgeni akacheka, akaliandika.

Bei aliyotoa haikufikia ndoto ya dalali. Lakini ilizidi mara tatu ile ya mnunuzi wa chuma chakavu, na fedha ya jicho imepatikana. Zaidi ya hapo, mgeni aliomba namba ya simu ya jirani mwenye pikapu kuukuu, akisema anataka watu wa kufanya nao biashara.

Wewe mwenye gari la zamani uani, usiliuze kwa aibu wala kwa hila. Eleza ubovu wake wote, na utakuta yupo anayeutafuta huo huo ubovu ili autengeneze.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.