Na mwalimu, nani atamufundisha?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wafazili, Katoyi, Goma)



Munajua tulikotoka. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia Goma, masomo ikafungwa. Mwezi wa pili kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zikabomolewa, kila mutu akabeba godoro na sufuria yake. Masomo ilipofunguliwa, si watoto wote walirudi. Wengine karatasi zao za pointi zilipotea njiani, wengine hawana nguo wala kaye. Masomo ya musingi ni bure tangu 2019, lakini bure hiyo hainunui kaye. Ndiyo maana kuna nyumba zinazofundishia watoto palepale nyumbani.

Leo niwaambie siku moja tu, katika nyumba moja ya mbao, kwa mama mumoja wa chama chetu. Ana watoto watano: wa miaka 4, 7, 9, 11, na binti wa 14.

Saa kumi na mbili wanachota maji. Saa moja mama anaenda soko la Virunga kuuza maharagi. Saa tatu masomo inaanza, na mwalimu ni yule binti. Ubao hakuna, anaandika kwa makala juu ya mulango. Mwanzoni alijaribu kumupa kila mutoto somo lake, kelele ikamushinda. Sasa anatwaa kitu kimoja kwa wote: sahani ya maharagi. Wa miaka 4 anatenga nyekundu na nyeupe. Wa 7 anapanga mafungu ya kumi kumi. Wa 9 anajumlisha mafungu. Wa 11 anatafuta faida ya mama kwa kilo 20. Kisha binti anasimulia hadithi, wakubwa wanaiandika, mudogo anaichora. Saa tano wamemaliza. Masaa mawili, inatosha. Musilazimishe watoto kukaa kutwa, watachoka, na ninyi mutachoka mbele yao.

Nilifurahi sana. Katika ripoti yangu niliandika: watoto watano wanasoma. Safari ya tatu nikamuomba binti anionyeshe kaye yake. Maandiko ya mwisho yalikuwa ya mwezi wa kwanza 2025: hesabu za mwaka wa saba, zoezi la kwanza limeisha, la pili ni namba tu. Nikauliza sababu. Akajibu:

“Miye nafundisha hawa. Sasa miye, nani atanifundisha?”

Sikuwa na jibu. Watoto waliokuwa wanasoma ni wane, si watano. Kosa la kuhesabu lilikuwa langu.

Tuseme ukweli: mara nyingi huyo mukubwa ni musichana. Anafundisha, anapika, anabeba mudogo mugongoni. Siku wadogo watarudi masomo, yeye atakuwa amezoea kubaki, na kesho mutu atabisha hodi na maneno ya mahari.

Basi ninaomba mambo matatu. Wanamemba wenye diploma ya Serikali: tupeni saa moja, mara mbili kwa juma, kwa mukubwa wa kila nyumba. Wazazi: saa hiyo musimutume maji, wala musimupe mutoto wa kubeba. Wafazili: aksanti kwa kaye za wadogo, lakini muongeze vitabu vya mwaka wa saba na wa nane.

Kazi hii haitaisha kesho. 2020 korona ilifunga masomo, 2021 Nyiragongo ikatukimbiza. Siku nyingine tutafundisha nyumbani tena, na tutahitaji wakubwa waliosoma.

Yule binti ameanza. Jirani anamufundisha siku ya pili na siku ya tano, kuanzia saa tisa. Juma lililopita nilifungua kaye tena: zoezi la pili limeandikwa, na kosa moja limesahihishwa kwa wino mwekundu.