Safari ya Pwani Wakati wa Kaskazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwezi uliopita wa Februari mlitutuma watu watatu twende Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, tukamkabidhi mama mzazi wa mwenzetu marehemu rambirambi za Chama. Kazi hiyo tuliimaliza, na hesabu yake mtaiona katika ukurasa wa Mweka Hazina. Lakini liko jambo lisiloingia katika hesabu, nalo ndilo lililotusimamisha hapa.

Tulipanda garimoshi Nairobi asubuhi, kwa reli ile iliyofunguliwa mwaka 2017, na alasiri tulikuwa Miritini, mlangoni mwa Mombasa. Wazee mliokuwa mkikesha njiani katika gari la zamani mtatuonea wivu. Kaskazi ilikuwa ikivuma. Sisi watu wa bara tukitaja kiangazi twafikiria vumbi na ng'ombe waliokonda; bali mtu wa mwambao akitaja kaskazi huwaza upepo uanzao Desemba hata Machi, bahari iliyotulia, maembe yaliyoiva, na wavuvi wakienda mbali kutafuta nguru na jodari. Ndio upepo ulioyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, yakangoja kusi ya Aprili yapate kurudi kwao. Usiku ule tulilala Kilifi mjini. Tulikula samaki wa kupaka, tukaoga mara mbili, na mmoja wetu mara tatu (hatumtaji, naye yu papo hapo mbele yenu), tukasema kwamba watu wa Pwani wamebarikiwa.

Asubuhi tukaishika njia ya Ganze, kuelekea magharibi. Haukupita muda mrefu nchi ikageuka. Minazi ilizidi kupungua, vichaka vya miiba vikakaribia barabara, na katika mashamba tuliona mabua makavu tu. Upepo ulikuwa ule ule na jua lile lile, ila yaliyo neema kwa mvuvi, kwa mkulima wa kule ndani ni miezi ya kuhesabu maji. Vuli ikipungua, malambo hayajai, na masika si kabla ya mwisho wa Machi au Aprili.

Mama alitupokea kwa heshima kubwa. Tulitandikiwa mkeka, tukapewa chai, tukachinjiwa kuku. Jioni kila mmoja wetu aliletewa ndoo ya maji ya kuoga, nasi kwa joto na vumbi la njia tukayamaliza, tukaomba mengine. Tukaletewa.

Alfajiri tulisikia madumu yakigongana uani. Mjukuu wa mama, msichana wa umri wa kwenda shule, alikuwa akiyafunga juu ya punda wa jirani aende lamboni. Tulimwuliza atarudi saa ngapi. Akajibu, "Saa nne, nikikuta watu wachache." Ilikuwa siku ya Jumatano. Tulichungulia pipa lililokuwa kando ya jiko, tukalikuta tupu. Maji yale yalikuwa ya siku tatu, nasi tuliyamwaga migongoni mwetu kwa usiku mmoja.

Tuliona aibu, ndugu zetu. Tulimwendea mama kumwomba radhi, naye akacheka, akasema, "Wanangu, mgeni hapimiwi maji." Neno hilo lilitulemea kuliko lawama.

Mji wa Mombasa huletewa maji ya chemchemi za Mzima kwa bomba refu lililojengwa katika miaka ya 1950, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Huletewa pia ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, ndani ya kaunti ile ile ya Kilifi. Bomba la kufika kwa mama hatukuliona, wala si kazi ya Chama chetu kulijenga. Lakini fundi mmoja wa pale alitufundisha hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 juu ya bati la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita 50 za mraba, likinyeshewa milimita 20, hukinga karibu lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Nyumba ya mama ni ya makuti. Makuti hupoza nyumba vizuri sana, ila hayafai kukingia maji ya kunywa.

Kamati imetenga fedha za matembezi ya wanachama huko Pwani mwakani. Twajua mmeyangojea, nasi tumeyangojea. Twaomba fedha hizo zinunue bati, mifereji na tangi. Wako wazee watakaosema kwamba tukimjengea mama mmoja, wote watadai. Neno hilo ni zito, na jibu lake kamili hatuna. Twajua tu kwamba marehemu alilipa ada yake miaka 11 bila kukosa mwezi, wala hakupata kukiomba Chama hiki kitu chochote.

Leo ni Machi. Mkikubali, fundi yu tayari kuanza juma lijalo, kabla masika hayajashika. Na watakaopeleka mzigo huo, tafadhali wajichukulie maji yao ya kuoga kutoka Kilifi.