MSANII NAYE NI MFANYAKAZI

Mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali, Nalasi, Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma



Huko Ulaya na Marekani wapo siku hizi watu ambao kazi yao ni kulipwa kwa kuwashauri wasanii namna ya kuishi. Mchoraji, mwandishi au mwanamuziki aliyechoka, aliyekosa usingizi au aliyeshindwa kupanga fedha zake, humwendea mshauri huyo, huketi naye kwa saa moja, kisha hurudi nyumbani na mpango wa maisha. Wako wanaolicheka jambo hilo na kuliita anasa ya walioshiba.

Wakazi wa Nalasi hawana sababu ya kulicheka. Wayao na majirani zao wamejua kwa vizazi vingi kwamba binadamu hawezi kuachwa avuke peke yake kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Jando lina walezi wake na unyago una makungwi wake, na mafunzo yao huhusu mwili, adabu, ndoa na namna ya kukaa na watu. Kinachoshangaza ni kwamba kijana mwenye kipaji cha kuchora, kuchonga, kuimba au kutunga huachwa aingie katika kazi hiyo bila ya somo wa aina yoyote.

Chanzo cha hali hiyo ni fikra moja potofu, nayo ni kwamba sanaa si kazi. Mkulima akijilaza mchana baada ya kupulizia dawa mikorosho yake, watu husema amechoka. Mchoraji akijilaza mchana baada ya kukesha na rangi, husemwa kuwa ni mvivu. Zaidi ya hayo, kikundi cha ngoma huitwa kumpokea mgeni wa Serikali, kikacheza juani tangu asubuhi, na jioni kikarudishwa nyumbani kwa soda na makofi. Afisa aliyekiita amelipwa posho ya siku hiyo, dereva amelipwa, na mpishi amelipwa. Ngoma peke yake ndiyo iliyokuwa ya bure. Huo, kwa jina lake halisi, ni unyonyaji, na haupungui hata kidogo kwa kuitwa utamaduni.

Wilaya ya Tunduru haina haja ya kutafuta mfano mbali. Eduardo Saidi Tingatinga alizaliwa katika wilaya hii mwaka 1932. Kama vijana wengi wa Kusini wakati wa ukoloni, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na nyinginezo za kipato kidogo. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, kwa rangi zile zile za mafuta zinazopakwa milango na baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Uchoraji wake ulidumu kwa takriban miaka minne tu. Lakini leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa sanaa unaojulikana duniani.

Umaarufu huo si jambo la kwanza la kutazamwa. La kwanza ni kwamba kazi haikufa pamoja na mwenyewe. Tingatinga alikuwa amekwisha kuwakusanya jamaa zake na vijana wengine wa Kusini, akawafundisha. Walioachwa hawakutawanyika, waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 kundi lao likawa chama cha ushirika. Katika ushirika mchoraji hupata mahali pa kufanyia kazi, mlango mmoja wa kuuzia, na wenzake wa kumkosoa na kumwuliza habari asipoonekana kwa siku tatu. Msanii aliyejifungia peke yake hana wa kumwuliza.

Hata hivyo, ushirika peke yake hautoshi. Mnunuzi akishapenda twiga, hutaka twiga, na kesho huja mwingine akataka twiga yule yule. Mkono huzoea na kwenda mbio, lakini akili hulala. Mchoraji anayerudia picha moja mwaka mzima hupata unga wa watoto na kupoteza furaha ya kazi, na aliyepoteza furaha ya kazi yu karibu sana na chupa ya pombe. Kwa hiyo msanii hana budi kutenga siku moja katika juma ya kuchora au kutunga kile anachokitaka yeye, hata kama hakina mnunuzi. Siku hiyo ndiyo inayozilisha siku nyingine sita.

Jambo la pili ni afya. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huku huku Kusini, aling'ara katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Sifa zote hizo hazikuuzuia ugonjwa wa kisukari, ambao ulimfikisha mahali pa kukatwa miguu. Aliendelea kufanya kazi kwa msaada wa wanafunzi wake mpaka alipofariki mwaka 2005. Ushujaa wake ni wa kuheshimiwa. Lakini heshima iliyo bora zaidi ni kuwahimiza wasanii waliobaki wapime damu mapema, wasingoje mpaka kidonda kikatae kupona. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na msanii ni mmoja wa hao "wote".

Jambo la tatu ni fedha, na hapa mkulima wa Nalasi anaweza kuwa mwalimu wa msanii. Korosho huleta fedha kwa msimu, na mkulima mwenye busara hugawa fedha za mnada ili zifike mpaka msimu mwingine: hizi za chakula, hizi za ada, hizi za pembejeo, hizi za akiba. Mapato ya msanii nayo ni ya msimu. Picha tano huuzwa kwa juma moja, kisha miezi miwili ikapita bila mnunuzi. Anayetumia fedha za msimu kama mshahara wa mwezi atakopa, na mwenye deni hukubali bei yoyote. Akiba katika chama cha kuweka na kukopa, pamoja na michango katika NSSF ambayo hupokea pia waliojiajiri, humpa msanii nguvu ya kusema "hapana" mbele ya mlanguzi. Na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haimsaidii asiyeijua.

Wako wasemao kwamba shida ndiyo mama wa utunzi, na kwamba msanii akishiba huacha kuimba. La hasha! Shaaban Robert aliajiriwa na Serikali ya kikoloni mwaka 1926 kama karani wa forodha, akatumika katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Ukoloni haukumfanyia hisani. Lakini mshahara, hata ulio mdogo, ulimpa meza, taa na utaratibu wa siku, na vitabu vikatoka. Tena NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, iliwapa wanamuziki vyombo na ujira wa kila mwezi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba muziki ulidorora kwa kuwa mpiga gitaa alikuwa na uhakika wa kula.

Ndugu walimu, mtoto anayechora pembeni mwa daftari la hesabu asichapwe wala asisifiwe mpaka akalewa sifa. Afundishwe hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayomlinda sokoni. Na apewe karatasi, ili daftari lipumzike. Ndugu watumishi, bajeti ya sherehe iwe na fungu la chakula, nauli na ujira wa wasanii, liandikwe kabla mgeni hajaalikwa. Na yule mwalimu au karani ambaye mwenyewe hutunga mashairi usiku, naye akumbuke kulala.

Nalasi haina haja ya kungoja washauri wa kulipwa kwa saa. Ina wazee, ina walimu, ina vyama vya ushirika. Kilichobaki ni kila kijana mwenye kipaji apate mtu mmoja mzima wa kumwuliza kila mwezi maswali manne: Umekula? Umelala? Umeweka akiba? Na kazi yako, bado unaipenda?