Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka 10: Mjamzito Asibebe Peke Yake



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10 tukiwa bado tunaitana dada na shoga. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazipata kwa mweka hazina. Sisi leo tunataka kusema jambo moja tu, nalo ni mama mjamzito katika ile miezi mitatu ya mwisho. Najua wapo watakaouliza, kikundi cha kuweka na kukopa na mimba wapi na wapi? Jibu limo ndani ya sanduku letu, kwenye mfuko wa jamii.

Mfuko wa jamii ni zile shilingi 500 tunazotoa kila kikao, kando ya hisa. Katika kikao kilichopita limetolewa wazo kwamba, kwa kuwa mwaka huu ni wa sherehe, mfuko uvunjwe tugawane. Wazo tumelipokea, maana kila mtu ana ada ya mtoto na bati za kuezeka. Lakini kabla hatujapiga kura mwezi ujao, tusikilizane kwanza.

Akina mama tunajua, mimba ikifika mwezi wa saba kwenda wa tisa, mwili unakuwa si wako. Kiungulia kinapanda mpaka kooni. Usingizi hauji, na ukija mkojo unakuamsha. Choo kinafunga, bawasiri inatoka, na usiku shavu la mguu linakaza mpaka unapiga kelele. Akina baba, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimwona mkeo amekaa kitandani saa nane ya usiku, usimwambie anadeka.

Mambo hayo mengi yana nafuu yake, na nesi ametufundisha. Kiungulia, ule kidogo kidogo mara nyingi, na usilale papo hapo baada ya kula. Choo, unywe maji ya kutosha, ule mboga za majani na papai. Mguu ukikaza, unyooshe na uvute vidole vielekee kwako. Miguu ikivimba jioni kwa kusimama kutwa gulioni, ukae uiinue juu ya kigoda. Kwa kawaida asubuhi inakuwa imenywea. Kulala, lala ubavu, ukiweza wa kushoto. Kulala chali miezi hiyo si kuzuri kwa mtoto, kwa sababu tumbo zito linagandamiza mishipa mikubwa ya damu.

Vidonge vya kuongeza damu usimeze na chai, chai inazuia mwili kuifaidi ile dawa. Meza na maji au na chungwa. Choo kikiwa cheusi usivitupe vidonge, ni dawa hiyo. Na wewe unayetafuna udongo kila saa, kamwambie nesi apime damu yako, huenda imepungua.

Sasa jamani, yapo mengine ambayo hayana subira. Hapa ndipo tunapopoteza watu, kwa sababu tunayachanganya na uchovu wa kawaida. Uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma kisichotulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Damu ikitoka, hata bila maumivu, usisubiri. Maji yakivunjika kabla ya siku, usisubiri. Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Hata kuwashwa viganja na nyayo usiku bila upele, kaseme kliniki, maana ini linaweza kuwa na shida.

Kifafa cha mimba si pepo wala si mkono wa mtu. Chanzo kinahusu kondo la nyuma, na presha ya mama inapanda. Presha hiyo inaweza kupanda mama asijisikie lolote, ndiyo maana kliniki wanapima presha na mkojo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8 badala ya 4 ya zamani, na mengi kati ya hayo 8 ni ya miezi ya mwisho. Dawa zipo: za kushusha presha, na sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege. Lakini ponya yake hasa ni mtoto kuzaliwa, na hata baada ya kujifungua mama aangaliwe, maana kifafa kinaweza kuja nyuma.

Yupo mwenzetu mmoja, ametupa ruhusa tumseme bila jina. Mwaka wa nne wa kikundi alikuwa na mimba ya miezi minane, anauza maandazi. Miguu ilivimba, majirani wakasema ni mapacha. Uso ukavimba, wakasema ni mtoto wa kiume. Siku ya kikao akaja na kichwa kinamuuma tangu juzi. Katibu alipompa kitabu chake ahakiki hisa, akasema haoni vizuri, namba zinacheza. Nesi alikuwa ameshatuambia maneno hayo. Wenye funguo tatu walikuwepo, sanduku likafunguliwa, zikatoka shilingi 60,000 za gari. Wawili wakaenda naye, mmoja akabaki na watoto wake. Hospitali wakakuta presha iko juu sana, wakamchoma sindano, na kesho yake akafanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa mdogo kama mkate. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza, na yule pale kwenye mkeka anakula pilau.

Ile 60,000 hatukumkopesha. Tulimpa.

Wengine watasema siku hizi serikali imesogeza huduma. Ni kweli, na tunashukuru. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Upo pia mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unapiga 115 bure kuomba usafiri wa dharura. Namba hiyo kila mmoja wetu aiweke kwenye simu leo hii. Lakini gari likishamfikisha mgonjwa, bado kuna chakula cha anayemuuguza, kuna kanga na sabuni, kuna nauli ya kurudi, kuna watoto walioachwa nyumbani. Hayo 115 haiyalipi. Na mama asiye na hata senti mkononi ndiye anayesema, "Ngoja nione mpaka kesho."

Kwa hiyo uongozi tunaleta mapendekezo matatu. La kwanza, mfuko wa jamii usivunjwe, kiasi fulani kibaki sandukuni daima kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa wa dharura. La pili, mwanachama akifika mwezi wa saba asitozwe faini ya kuchelewa wala ya kutofika. Hisa yake iletwe na mwenzake, na akija apewe kiti chenye mgongo, si mkeka. La tatu, kila mjamzito apewe wenzake wawili wanaojua tarehe yake, kadi yake inakaa wapi, na nani atabaki na watoto. Hao ndio watakaomuuliza kila wiki: kichwa vipi, macho vipi, mtoto anacheza?

Mwezi ujao kila mtu atapiga kura kwa hiari yake, na hakuna atakayenuniwa. Ila kabla hujanyoosha mkono, mtazame aliyekaa kulia kwako na kushoto kwako, ujiulize ni nani atakayekuwa na tumbo mwakani.

Kikundi chetu kidumu!