Hesabu Kabla ya Kushikana Mikono
Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Tumezoea katika semina zetu za haki na amani kuzungumzia mipaka ya mashamba na mirathi. Leo nimeomba ruhusa nizungumzie jambo jingine ambalo siku hizi hubisha hodi milangoni mwa viongozi wa jumuiya mara kwa mara. Nalo ni ugomvi wa watu waliochanga mali wakafanya biashara pamoja, au walionunua kitu kimoja wakawa wenye mali wawili au watatu. Ni mashine ya kusaga, pikipiki, duka la dawa za mifugo, nyumba ya kupangisha, shamba la miti. Wanapoanza huwa ni marafiki, ndugu, hata wasimamizi wa ndoa wao kwa wao. Wanapofikishwa kwetu huwa hawasalimiani.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita wanaume wawili wa jumuiya yetu walikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Wa kwanza alitoa fedha za kununulia mashine na mota. Wa pili alitoa banda lililokuwa katika kiwanja chake, akagharimia kuvuta umeme, na ndiye aliyesimamia kazi kila siku tangu alfajiri. Hawakuandikiana kitu, ila kila mwisho wa mwezi waligawana kilichobaki sawa kwa sawa. Mwaka wa nne wakaanza kununiana. Wa kwanza alisema kwamba mashine inalia mchana kutwa lakini fedha hazimfikii. Wa pili alisema hakuna anayekumbuka kwamba mikanda na chekeche hununuliwa, wala kwamba umeme hulipiwa.

Tuliitwa wazee wanne tuwapatanishe. Tulikaa jioni moja, tukawasikiliza, tukawakumbusha walikotoka, tukasali, wakashikana mikono, tukanywa chai. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi njema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza daftari la mapato liko wapi. Hakuna aliyeuliza nani ana fungu gani.

Miezi minane baadaye yule wa pili akafariki dunia. Matanga yalipokwisha, mjane akaenda kuuliza habari ya fungu la marehemu. Akaambiwa kwamba mumewe alikuwa mwendesha mashine tu, mtu wa kulipwa, na kwamba wazee wa jumuiya ni mashahidi, kwa kuwa siku ya upatanisho hawakutaja nusu kwa nusu. Na kweli hatukutaja. Wiki ileile mashine iling'olewa ikahamishiwa mahali pengine, na mama yule akabaki na banda tupu, watoto wanne, na bili ya umeme yenye jina la marehemu.

Ndugu zangu, amani tuliyoipeleka nyumbani kwa watu wale ilikuwa ni pazia. Nyuma yake deni lilibaki palepale, na aliyelipa gharama ya pazia hilo ni mjane.

Nilipokwenda naye kwa msaidizi wa kisheria ndipo nilipojifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kunywa chai ile. La kwanza ni kwamba sheria ya Tanzania Bara haidai ubia uandikwe ndipo uwe ubia. Sheria ya Mikataba, sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu ubia, nayo huutazama kama uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Yatazamwa matendo yao. Kugawana faida ni dalili kubwa ya ubia, ingawa si dalili inayotosha peke yake, maana hata mfanyakazi aweza kulipwa kwa kiasi cha faida. Kwa hiyo swali halikuwa “karatasi iko wapi?” bali “waliishije na mashine hii kwa miaka minne?” Nani alinunua vipuri? Nani alikubali kukopesha wateja? Walipogawana, waligawana namna gani?

La pili lilinishangaza zaidi. Wabia wasipokubaliana jinsi ya kugawana, sheria haikai kimya. Yenyewe hujaza pengo lile, na hulijaza kwa usawa: faida sawa na hasara sawa, hata kama mmoja alileta fedha nyingi na mwingine kidogo. Tena mbia hana haki ya mshahara kwa kazi yake katika biashara ya ubia, isipokuwa wamekubaliana hivyo. Hebu tafakarini maneno hayo mawili. Mwenye fedha nyingi aweza kuumia kwa la kwanza, na mwenye jasho jingi aweza kuumia kwa la pili. Wengi wetu tunadhani tusipoandika kitu tumebaki huru. La hasha, tumekubali mkataba ambao hatujausoma.

Kuna na la deni. Kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara. Mwenzako akichukua magunia arobaini ya mahindi kwa mkopo kwa jina la biashara yenu, mwenye mahindi aweza kukufuata wewe kwa deni zima, kisha wewe ndiye utakayehangaika kumtafuta mwenzako. Wake na waume wa wabia aghalabu hawalijui jambo hili mpaka siku dalali wa mahakama anapofika uani.

Wengine husema, “Sisi tumeandikisha jina la biashara, tuna cheti.” Cheti cha jina la biashara ni kitu chema, lakini hakigawi mafungu, wala hakisemi nani alileta nini. Kampuni nayo ni habari nyingine kabisa: huhesabiwa kuwa mtu wake yenyewe mbele ya sheria, ina hisa na wakurugenzi, na mwenye hisa chache anayeonewa na wenye nyingi ana njia yake ya kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Sitaingia huko, wengi wa wanaotujia hawana kampuni. Zanzibar nako kuna sheria zake, na wenzetu wa huko watafute ushauri wa huko.

Kuhusu ardhi na nyumba, maneno ni machache lakini ni mazito. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yatambua namna mbili za kumiliki pamoja. Katika namna ya kwanza, mmoja akifa haki yake huwaendea waliobaki. Katika ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huwaendea warithi wake. Watu wawili wanaonunua kiwanja cha kupangishia, kila mmoja akiwa na familia yake, yafaa waseme waziwazi kwamba wanataka ya pili, tena wataje mafungu. Wasipoelewana hapo baadaye, mmoja aweza kuomba mali igawanywe, na isiyogawanyika, kama nyumba, yaweza kuuzwa ili fedha zigawanywe. Msimwache mtu akadanganywa kwamba asiyekaa ndani ya nyumba amepoteza haki yake.

Sasa turudi kwa mjane wetu. Kifo cha mbia huvunja ubia, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Lakini kuvunjika kwa ubia si kupotea kwa fungu. Fungu la marehemu huhesabiwa, nalo ni haki ya warithi wake; na aliyebaki akiendelea kuitumia mali ile bila kufanya hesabu, warithi waweza kudai sehemu ya faida iliyopatikana baadaye. Hata hivyo, mama hakuweza kudai kwa kuwa tu ni mjane. Ilimpasa kwanza apatikane msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, cheti cha kifo kikatafutwa, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua yeye. Hapo ndipo alipopata kinywa cha kusemea.

Kisha ukaja ushahidi, na hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana ndipo kiongozi wa jumuiya anaposaidia kweli. Chini ya godoro la marehemu palikuwa na madaftari matatu ya shule. Mwandiko mbaya, kurasa zina unga na mafuta. Lakini kila mwezi palikuwa na jumla, na pembeni kiasi alichochukua kila mmoja, nusu kwa nusu, na mahali pengine sahihi ya mwenzake. Palikuwa na stakabadhi za mikanda. Palikuwa na ujumbe wa simu wa fedha zilizotumwa. Msaidizi wa kisheria aliyapanga yote kwa tarehe, akamsaidia mama kuandika barua ya madai yenye hesabu na muda wa kujibu, ikapelekwa mbele ya shahidi. Mbia aliyebaki hakujibu. Barua ya pili ilikwenda kutoka kwa wakili wa kituo cha msaada wa kisheria, na safari hii akaja.

Hawakufika mwisho wa kesi. Walikaa siku tatu na madaftari, si na hotuba. Mashine ikathaminiwa, madeni yakatolewa, ikapatikana hesabu ya fungu la marehemu. Aliyebaki akachukua mashine, akakubali kulipa kwa mafungu ya kila mwezi. Wakili akashauri makubaliano yale yapelekwe mahakamani yasajiliwe, yawe na nguvu ya amri. Mimi nilidhani huko ni kutoaminiana. Malipo ya mwezi wa tano yalipochelewa, nilielewa maana yake: haikuhitajika kuanza upya, ilitosha kumkumbusha kwamba amri ipo.

Mtaniuliza msaada huo hupatikana wapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuweka msajili wa wanaotoa huduma hiyo. Msaidizi wa kisheria si wakili. Hashauriwi kama hakimu, wala hasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Lakini anaelekeza, anaandaa karatasi, anapatanisha, na anajua mlango wa wakili. Viko vituo vinavyofahamika kwa kazi hii, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yenu nayo ni mahali pema pa kuulizia waliosajiliwa karibu nanyi.

Lakini tuseme ukweli. Msaada huu umewekwa kwa ajili ya asiyeweza kulipa. Mwenye malori mawili anayegombana na mwenye malori matatu aajiri wakili, asichukue nafasi ya maskini. Tena kila mmoja awe na wake. Wakili aliyewaandikia mkataba wote wawili mlipokuwa mnapendana hawezi kumtetea mmoja dhidi ya mwingine mkigombana.

Msikimbilie polisi kwa kila jambo. Nimeona watu wakimweka mbia mwenzao mahabusu ili alipe. Kama ameghushi sahihi au ameiba, hilo ni jinai na lina njia yake. Lakini kutokubaliana juu ya hesabu ni shauri la madai, na kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni. Wala msichelewe kwa kuoneana haya: madai yanayotokana na mkataba kwa kawaida hufa baada ya miaka 6, na ya kurudisha ardhi baada ya 12. Vikao vya upatanisho visivyo na mwisho vimewapotezea watu haki zao, na baadhi ya vikao hivyo tuliviongoza sisi.

Wala msiogope mahakama kana kwamba ni ya wageni. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Katiba yenyewe, katika ibara ya 107A, yaiagiza mahakama ikuze usuluhishi na isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hata hivyo masharti madogo yapo. Hati inayopaswa kulipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipwe, na mkataba mzuri umewahi kukaa nje ya jalada kwa sababu hiyo tu.

Mtu akija kwenu kesho akiwa na ugomvi wa namna hii, msianze na sala ya kufunga kikao. Waulizeni wote wawili walete walichonacho, kila mmoja mbele ya mwenzake. Andikeni wanachokubaliana, hata kama ni kidogo. Andikeni na wanachokataa. Zuieni mali isihamishwe wala isiuzwe wakati mazungumzo yanaendelea, na mwenzao akikaidi, hapo hapo mpelekeni aliyeonewa kwa mwanasheria aombe zuio la mahakama. Asiwepo mzee wa kikao aliye mkwe au mdeni wa mmojawapo. Na kama mmoja amekufa, muulizeni mjane au mgane madaftari yako wapi kabla ndugu hawajasafisha chumba.

Mbia yule aliyebaki alimaliza kulipa. Bado hatembeleani na mama yule, nami siwalazimishi. Banda limepangishwa kwa fundi cherehani.

Baada ya chakula cha mchana msaidizi wa kisheria atakaa katika chumba cha katekisimu mpaka saa kumi na moja. Mwenye karatasi aje nazo, hata zikiwa zimechakaa. Na asiye na karatasi aje na majina ya walioshuhudia.