Sumu ya Panya Haiishii kwa Panya

Panya aliyekula sumu ya brodifakumu hafi usiku uleule. Damu yake huacha kuganda, naye huyumbayumba uani kwa siku kadhaa, hata mchana kweupe, awe windo rahisi kwa bundi, mwewe au paka wa jirani. Katika ini la aliyemla, sumu huweza kukaa miezi.

Kiunga, kwenye pwani ya Kenya, ina cha kupoteza: bahari iliyo mbele yake ni hifadhi tangu 1979, na visiwani hutaga ndege wa baharini. Na bundi tunayemfukuza eti ana mkosi, hula panya bila malipo! Tegeni mitego, funikeni nafaka. Aliyekwisha kuweka sumu, aokote mizoga mapema, aifukie chini kabisa.